KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: MTAMBO HAUJIPONYI WENYEWE

Kuna uongo umezagaa viwandani, kwenye mitambo ya maji, ya umeme na ya reli, na wakubwa wameuzoea mpaka wanauandika kwenye ripoti bila haya. Uongo wenyewe una maneno mawili tu: "Imerudi yenyewe." Mawasiliano ya mitambo yamekatika saa nane za usiku, mashine zimesimama, simu zimepigwa, fundi kijana amekuja mbio na bisibisi yake, na kufika anakuta taa zote za kijani zinawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Bosi anashusha pumzi. Kalamu inachukuliwa, yanaandikwa yale maneno mawili, kesi inafungwa.

Sisi tunasema hapana! Mtambo hauna roho ya kujiponya. Waya uliolegea haujikazi wenyewe, na maji yaliyoingia kwenye kiungio hayatoki kwa sababu bosi amekasirika. Hitilafu imeondoka kwa wakati wake na itarudi kwa wakati wake, na siku hiyo haitabisha hodi.

Hitilafu ya aina hii tuipe jina linaloifaa: kigeugeu. Asubuhi yuko upande huu, jioni yuko upande ule, na ukimtafuta anakukazia macho makavu kama hakujui. Ni afadhali mara mia mtambo uliokufa kabisa, kwa sababu maiti haikimbii. Kigeugeu anakimbia. Na hoja yetu ya leo ni hii: kigeugeu hakamatwi kwa kelele, kwa vitisho wala kwa kununua vipuri. Anakamatwa kwa kumbukumbu zilizoandikwa sawasawa na kuwekwa mezani mbele ya wanaoweza kuzisoma. Anayezificha kumbukumbu hizo anamficha mhalifu.

TUMBILI WA GITARU ALIONEKANA

Tuelewane kwanza, maana wengine kijiweni hawajawahi kuvuka geti la kiwanda. Mitambo ya leo haiendeshwi na nyapara anayepiga filimbi. Kila pampu, kila mota na kila koki kubwa ina kikompyuta chake, na vikompyuta hivyo vinaongea usiku na mchana kwa njia ya waya au redio. Kimoja kinauliza, kingine kinajibu, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kisichopata jibu hakijui kama mwenzake amekufa au amenyamaza tu. Kwa hiyo kimefundishwa kuogopa: kisipopata jibu kwa muda uliowekwa, kinasimamisha kazi. Ndiyo maana mkatiko mfupi kuliko kupepesa jicho unaweza kusimamisha kazi ya saa nzima.

Sasa linganisha na kisa ambacho Afrika Mashariki nzima ilikicheka. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru nchini Kenya, akaangukia transfoma. Transfoma ikazimika, mitambo mingine ikaelemewa, megawati zaidi ya 180 zikapotea na nchi nzima ikaingia gizani. Kampuni ya KenGen ilitoa maelezo siku hiyo hiyo. Mnyama mwenyewe alikutwa hai. Mhalifu yupo, mahali papo, saa ipo. Hapo hata mtoto anaweza kuwa mpelelezi.

Kigeugeu hana tumbili wa kuonyesha. Ukifika, transfoma ni nzima, waya ni mzima, na paa halina mtu. Na hapo ndipo ubabaishaji unapoanza. Kwa kuwa hakuna anayeonekana, anatafutwa wa kusingiziwa.

SINGAPORE WALIVYOMSAKA MCHAWI

Msidhani ubabaishaji huo ni wetu peke yetu, wala kwamba waliotutangulia kwa mitambo wametutangulia kwa kila kitu. Singapore inasifiwa duniani kwa reli zake za mjini. Moja ya njia hizo, Circle Line, inaendesha treni zisizo na dereva tangu mwaka 2009. Mwishoni mwa Agosti 2016 njia hiyo ilianza kuugua. Treni inakwenda vizuri, ghafla inapoteza mawasiliano ya ishara, na kwa kuwa imefundishwa kuogopa, inapiga breki ya dharura. Abiria wanayumba, wanalalamika. Baada ya muda mawasiliano yanarudi. Mwanzoni mwa Septemba hali ikatulia. Mwanzoni mwa Novemba ikarudi kwa kishindo.

Wakubwa walitazama wapi? Walitazama nje. Labda ni mawimbi ya simu za mkononi, labda kuna mtu ana kifaa kinachoingilia redio. Hata huduma ya simu ikazimwa kwa muda kwenye sehemu ya njia ili kupima, bila kumpata mwizi. Hatuwalaumu kwa kupima, kupima ni halali. Tunachosema ni kwamba binadamu akiumwa tumbo humtazama jirani kwanza.

Ndipo data ikapelekwa kwa wataalamu watatu wa takwimu wa idara ya teknolojia ya serikali, GovTech. Hawa hawakuwa mafundi wa reli. Walipewa orodha ya matukio, na kila tukio lilikuwa na mambo manne tu: tarehe na saa, mahali, namba ya treni iliyopatwa, na upande iliokuwa inaelekea. Mambo manne ambayo fundi yeyote anaweza kuyaandika kwenye daftari la shilingi chache.

Wakayapanga kwa saa: matukio yametapakaa mchana kutwa. Wakayapanga kwa mahali: yako kila upande wa njia. Wakayapanga kwa treni: zimepatwa nyingi, siyo moja wala mbili. Kila waliposhika palikuwa patupu. Mpelelezi mvivu angefunga faili hapo na kuandika kwamba hakuna mpangilio wowote.

Wao wakachukua mchoro wa zamani wa ratiba za treni, unaohusishwa na Mfaransa Étienne-Jules Marey wa karne ya 19. Mchoro huo ni rahisi mpaka unatia aibu. Upande mmoja wa karatasi unaandika saa, upande mwingine unaandika vituo kwa kufuatana. Treni inayotembea inakuwa mstari wa mshazari. Walipotia alama za matukio kwenye mchoro huo, alama zikajipanga zenyewe. Treni moja ikipatwa, baada ya muda mfupi inapatwa iliyo nyuma yake, kisha iliyo nyuma ya hiyo, kama mtu anayepita mtaani akizima taa nyumba baada ya nyumba. Na huyo mzima taa alikuwa anatembea kinyume na treni zilizokuwa zinaumia!

Hapo siri ikafichuka. Mhalifu alikuwa treni nyingine, inayopita reli ya pili kuelekea upande wa pili, na kila inapopishana na mwenzake inamziba masikio. Yeye mwenyewe hakuumia, hivyo jina lake halikuwa kwenye orodha ya walioumia. Wote walikuwa wanachunguza majeruhi, na aliyewajeruhi anapita mbele yao akiwa amebeba abiria.

Wakafungua picha za video za vituoni, wakatazama ni treni gani ilikuwa inapita saa zile. Ikatokea namba moja: PV46. Jumapili ya tarehe 6 Novemba wenye reli wakaiingiza tena njiani kwa makusudi, saa ambazo hazina watu wengi, na matatizo yakatokea kama yalivyotabiriwa. Katika matukio 259 yaliyokuwa mezani, 189 yaliingia moja kwa moja kwenye mkondo wa treni hiyo, yaani asilimia 73. Uchambuzi uliofuata ukafikisha zaidi ya asilimia 95 ya matukio ya Agosti hadi Novemba. Tarehe 11 Novemba ikatangazwa hadharani kwamba chanzo ni kifaa kibovu cha ishara ndani ya treni yao wenyewe. Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako.

ANAYELIA SI LAZIMA AWE MWIZI

Ndugu zangu vijana, mnaoshinda mmejikunja chini ya mashine huku bosi amesimama kichwani mwenu akiuliza "bado tu?", somo hilo likateni mlibandike ukutani. Mtambo unaotoa kengele ni mlalamikaji. Ukimvunja mlalamikaji, ukamfungua, ukambadilishia kila kiungo, mwizi anakutazama na kucheka.

Marekani nako walionja. Tarehe 19 Agosti 2006, kwenye kinu cha 3 cha kituo cha umeme wa nyuklia cha Browns Ferry, Alabama, pampu mbili kubwa za kuzungushia maji zilisimama, na wafanyakazi wakalazimika kukizima kinu kwa mkono. Pampu zilikuwa nzima. Kilichotokea ni kwamba mtandao wa ndani ya kituo ulifurika ujumbe kupita kiasi, na vikompyuta vinavyoongoza mwendo wa pampu vikazidiwa, vikaacha kuitikia. Sokoni watu wakipiga kelele wote kwa pamoja, hakuna anayesikia bei. Dawa waliyoweka ilikuwa vifaa vya kuzuia kelele za mtandao zisizifikie pampu. Pampu mpya zingeweza kununuliwa na kusimama vilevile.

Sasa tuje chini, kwenye kiwanda cha kawaida, ambako hakuna wataalamu watatu wa takwimu wa kukimbiliwa. Kigeugeu wa kiwandani ana maficho yanayojulikana. Anakaa kwenye skrubu iliyolegezwa na mtetemo, ambayo inagusa mashine ikiwa imezimwa na kuachia mashine ikiwaka. Anakaa kwenye kiungio kinachopanuka kwa joto la mchana na kusinyaa usiku. Anakaa kwenye waya mwembamba wa mawasiliano uliolazwa sambamba na waya mnene wa mota, na kila mota ikiwaka inautemea mate. Anakaa kwenye vifaa viwili vilivyopewa anwani moja, ambavyo vyote huitikia jina likiitwa. Na anakaa mwishoni mwa waya, mahali ambapo wengi hawatazami kabisa.

Hapo mwishoni tupumzike kidogo. Ujumbe unaokwenda kwenye waya ukifika mwisho na kukuta patupu, unarudi kama mwangwi katika ukumbi usio na watu, na mwangwi huo unagongana na ujumbe unaofuata. Ndiyo maana katika mitandao mingi ya waya mbili kila ncha hufungwa rezista ndogo, kwa kawaida ya omu 120, ili imeze mwangwi. Chukua mfano wa mtandao unaoitwa CAN, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliuleta mwaka 1986 kwa ajili ya magari, kisha ukaingia viwandani. Zima umeme wote, weka mita kati ya zile waya mbili. Ukipata omu kama 60, ncha zote mbili zimefungwa. Ukipata 120, ncha moja iko wazi. Ukipata 40, kuna mjanja ameongeza ya tatu. Kipimo cha dakika moja, kwa mita ambayo hata kijana wa gereji anayo. Na huyo wa gereji ajue kwamba gari nyingi anazozifungua leo zina mtandao huo huo, na taa za dashibodi zinazowaka na kuzimika bila mpango mara nyingine ni kigeugeu yule yule.

Mtandao wa CAN una tabia nyingine ambayo tungependa wakubwa waisome polepole. Kila kifaa ndani yake kinahesabu makosa yake chenyewe. Kikituma ujumbe ukaharibika, kwa kawaida kinajiongezea alama 8. Ujumbe ukifika salama, kinajipunguzia alama 1. Alama zikizidi 255, kifaa kinajitoa kwenye mtandao ili kisiwaharibie wenzake. Kwa Kiswahili cha mtaani, kinajiuzulu! Hakisubiri tume. Hakisemi kimeonewa. Chuma kimefundishwa kujiuzulu, na wapo binadamu wenye shahada wasioujua msamiati huo.

KUMBUKUMBU NI MALI YA NANI?

Hapa ndipo penye mgogoro wenyewe. Hesabu hizo za makosa zipo ndani ya vifaa vingi. Swichi za mtandao zinahesabu ujumbe ulioharibika, kompyuta ya chumba cha uongozi inaandika saa ya kila kengele. Ushahidi unajiandika wenyewe bila mshahara. Kinachotokea ni nini? Bosi anataka uzalishaji urudi, anaamuru "zima, washa", na kwenye vifaa vingi kumbukumbu iliyokuwa imeandikwa inafutika papo hapo. Yaani tumesafisha damu kabla polisi hawajafika, halafu tunamwuliza fundi muuaji ni nani.

Halafu anabadilisha vitu vitatu kwa mpigo: kadi mpya, waya mpya, programu mpya. Kigeugeu akitulia wiki mbili, ushindi unatangazwa na ankara ya vipuri inalipwa. Lakini ni kipi kati ya vile vitatu kilichoponya? Hakuna anayejua. Na pengine hakuna kilichoponya, ni mvua tu zimekatika. Singapore waliirudisha PV46 njiani ili waone kama ugonjwa utarudi nayo. Huo ndio uthibitisho. Ukitoa kifaa unachokishuku na hitilafu ikaondoka, umepata dokezo. Ukikirudisha, kwa saa ya usalama na kwa uangalifu, na hitilafu ikarudi nacho, hapo una kesi. Mengine yote ni ramli.

Na ramli huua. Wasiopenda kusikia hili waende Washington. Jumatatu ya tarehe 22 Juni 2009, jioni watu wanarudi makwao, treni ya Red Line iligonga treni nyingine iliyokuwa imesimama karibu na kituo cha Fort Totten. Watu 9 walikufa, dereva akiwa mmoja wao. Reli hiyo imegawanywa vipande, na kila kipande kina umeme wa ishara unaotambua kama kuna treni juu yake. Kipande kimoja kilikuwa kigeugeu: vifaa vyake vilivujishiana ishara ya uongo iliyosema "hapa hakuna mtu". Siku 5 kabla, tarehe 17 Juni, mafundi walibadilisha kifaa kwenye kipande hicho, na kipande kikaonekana kinayumba, mara kina treni, mara hakina. Hati ya kazi ikafunguliwa. Reli ikaendelea kutumika. Siku ile treni ikasimama juu ya kipande hicho na mfumo ukaamini reli ni tupu. Treni ya nyuma ikaruhusiwa kuendelea.

Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, uliotolewa mwaka 2010, ulifichua jambo linalouma zaidi. Mwaka 2005 mfumo huo huo ulinusurika ajali ya aina hiyo hiyo, na wahandisi wakatunga kipimo maalumu cha kukamata kasoro hiyo. Kipimo hakikusambazwa kwa mafundi kwenye mfumo mzima kama ilivyotakiwa. Na kengele za vipande vya reli zilikuwa nyingi mno mpaka zikazoeleka kama kelele za vyura. Data ilikuwepo. Dawa ilikuwepo. Kilichokosekana ni kuvikutanisha na mtu mwenye spana mkononi.

Kwa hiyo tunaposema kumbukumbu zifunguliwe hatupigi siasa ya maneno. Tunazungumzia watu 9 waliopanda treni wakitegemea kufika.

WAKUBWA WANA HOJA, TUIJIBU

Haki itendeke, wenye viwanda nao wasikilizwe. Wanasema: kila dakika mashine imesimama ni hasara, fundi akianza kuchora michoro nani atalipa mishahara? Ni hoja nzito. Hakuna kijana mwenye akili anayetaka kiwanda kifungwe, maana yeye ndiye wa kwanza kwenda nyumbani.

Lakini nani amesema mashine isiwashwe? Iwashwe! Tunachodai ni dakika tano kabla ya kuwasha: nakili hesabu za makosa, piga picha kioo cha kompyuta kwa simu yako, andika saa, andika mashine gani nyingine ilikuwa inawaka au kuzimika wakati huo. Kisha washa. Dakika tano mara kumi ni dakika hamsini, na mwisho wake una mchoro unaosema. Bila hivyo utawasha mara kumi, mara mia, na kila mara unalipa hasara ile ile bila kununua chochote.

Wanasema tena: hizo ni siri za kampuni, kijana akizishika atazipeleka nje. Hii hoja ni nyepesi. Fundi huyo huyo mmempa funguo za chumba cha umeme, mmemwamini na nyaya zinazoweza kumkausha kwa sekunde moja, halafu hamumwamini na orodha ya saa na tarehe? Anayeogopa orodha ana lake analoogopa. Pengine mzabuni alileta waya rahisi kuliko aliolipwa. Pengine aliyefunga mfumo hakuweka zile rezista. Ndiyo maana siku zote mkosaji anakuwa fundi wa zamu, kwa sababu yeye hana wa kumtetea kwenye kikao. Tufunike kombe mwanaharamu apite? Mwanaharamu mwenyewe hapiti, amehamia.

Na hili linatugusa sote kuliko zamani. Tanzania treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na Julai mwaka huo ikafika Dodoma. Mfumo wake wa ishara, ETCS daraja la 2, unategemea treni na kituo kuongea kwa redio njia nzima. Hatusemi una kasoro. Tunasema mfumo wowote wa kuongea kwa redio siku moja utapatwa na kigeugeu, kama Singapore walivyopatwa. Swali ni siku hiyo tutafanya nini. Tutatoa tamko, au tutatoa orodha? Je, vijana wetu wa vyuo vya ufundi watapewa kumbukumbu hizo wazichambue, au watapewa ufagio na mtaalamu atasubiriwa uwanja wa ndege?

MWENYE DAFTARI NDIYE MWENYE MTAMBO

Tunatoa rai mbili. Ya kwanza ni kwa wakubwa. Yafuteni yale maneno "imerudi yenyewe" kwenye ripoti zenu. Mahali pake pawe na saa, mahali, mashine iliyopatwa, mashine nyingine zilizokuwa kazini, hali ya hewa, na jina la aliyeona. Daftari hilo likae wazi kwenye chumba cha zamu, na asiadhibiwe mtu kwa kuandika ukweli ndani yake. Siku mtakapomkata mshahara fundi kwa sababu ameandika hitilafu nyingi, hitilafu zitakoma kuandikwa na zitaendelea kutokea.

Ya pili ni kwenu vijana. Msisubiri daftari la bosi. Nunua lako, lile la hesabu lenye vyumba. Chora saa upande mmoja na mashine upande mwingine, tia nukta kila kigeugeu anapopita. Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja hata ukipigiwa kelele namna gani. Mchunguze anayelia, lakini macho yako yawe kwa yule aliyenyamaza na yuko karibu kila mara. Baada ya mwezi mmoja utaingia kwenye kikao ambacho kila mtu ana maoni, na wewe peke yako utakuwa na karatasi. Watakuuliza umesoma wapi. Waambie nukta zimejipanga zenyewe, waje wazihesabu.